Naomba ushauri: kingamwili ya MAVS inatoa mistari miwili

Wakuu, msaada kwa wanaopima MAVS (protini ya kinga dhidi ya virusi) kwa westani bloti (kutenganisha protini kwenye jeli na kuzitambua kwa kingamwili). Sampuli ni seli za HEK293T (seli za binadamu za maabara), mikrogramu 25 za protini kwa kila kishimo, jeli ya asilimia 10. Kingamwili ni ya sungura, 1:1000 ndani ya albumini ya ng'ombe asilimia 5, usiku kucha kwa nyuzijoto 4.

Mstari wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 75 unatoka safi. (MAVS nzima ina asidi amino 540, kama kilodaltoni 57 kwa hesabu, ila MAVS hukaa juu zaidi, hilo halinisumbui.) Shida ni mstari wa kilodaltoni 50, mara nyingine mzito kuliko wa juu. Ni MAVS fupi inayoanzia methionini (asidi amino) ya 142 kwenye mRNA ileile, au protiezi (vimeng'enya vinavyokata protini) zimekata wakati wa kupasua seli? Vizuia protiezi naweka vipya, na kila kitu kiko kwenye barafu.

Seli zilizofutwa jeni ya MAVS zitapoteza yote miwili, kwa hiyo zinathibitisha kingamwili tu, si chanzo cha mstari. Nafikiria kuzirudishia MAVS yenye alanini mahali pa methionini 142, ili ile fupi isiweze kuanzia hapo. Aliyeifanya, mstari wa 50 ulipotea kabisa?