Petroli tupu, E10 au E20: ipi inafaa pikipiki ya kabureta?

Mwendokasi_Moro
Wakuu, tulinganishe petroli tupu, E10 (yenye ethanoli, yaani alkoholi, asilimia 10) na E20 kwa pikipiki za kabureta za cc 100 hadi 150. Nataka vipimo: ulaji, mipira, maji.

Fundi_Jeti
Lita ya ethanoli ina nishati kama theluthi mbili ya lita ya petroli. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa lita itashuka hadi 48 na nusu kwa E10, na 46 au 47 kwa E20. Oktani (uwezo wa mafuta kustahimili mgandamizo bila kujilipua) inapanda, lakini injini hizi zina mgandamizo mdogo, hazifaidiki nayo.

Shida kubwa ni hewa. Kilo ya petroli tupu inataka kilo 14.7 za hewa, E10 kama 14.1, E20 kama 13.5. Kabureta inapitisha kiasi kilekile, hivyo hewa inazidi: plagi inakuwa nyeupe, injini inachemka, ukiachia mafuta ekzosi inapiga. Kwa E10 gusa skrubu ya mchanganyiko wa kabureta tu. Ikiwa upande wa filta ya hewa, kaza robo mzunguko. Ikiwa upande wa injini, legeza robo. Kwa E20 badilisha jeti kubwa (kipande chenye tundu linalopima mafuta kwenye kabureta), mfano namba 100 iwe 102 au 105, kisha soma rangi ya plagi: kahawia hafifu ndiyo sahihi.

Spea_Kariakoo
Kabla ya jeti, angalieni mipira. Mpira wa mafuta wa bei rahisi, oringi ya koki, oringi ya kikombe cha kabureta na ncha ya sindano ya floti huvimba au kulainika. Sindano ikivimba, kabureta inafurika au inanyima mafuta. Wekeni za Viton (mpira unaostahimili ethanoli). Pia ethanoli inaosha uchafu wa zamani tangini na kuupeleka kwenye jeti ndogo, kwa hiyo filta ya mafuta ibadilishwe baada ya tangi la pili.

Mtu_wa_Leeds
Huku Uingereza E10 ndiyo petroli ya kawaida tangu Septemba 2021, na E5 imebaki kwenye daraja la juu. Pikipiki kongwe, hasa zenye tangi la faibaglasi, zipewe E5, maana E10 hulainisha resini ya tangi.

Fundi_Jeti
Kweli mkuu. Na wenye pikipiki za India wasidhani zote ziko tayari kwa E20. Mipira inayostahimili E20 ilianza kuwekwa kwenye pikipiki mpya za huko mwaka 2023. Za nyuma ya hapo, E10 iwe mwisho.

Mama_Petroli
Mmeruka maji, na ndiyo yanayoua zaidi. E10 hubeba maji kama nusu asilimia, yaani mililita 50 kwa tangi la lita 10. Yakizidi, maji na ethanoli vinatengana na petroli na kushuka chini, pale pale koki inaponyonya. Kutikisa hakusaidii: mwaga yote, fungua na kikombe cha kabureta. Pikipiki itakayolala zaidi ya mwezi iachwe na petroli tupu au bila mafuta kabisa.

Kupima ethanoli: kwenye silinda ya kupimia weka maji mililita 10, jazia petroli hadi 100, ziba, tikisa, subiri dakika kumi. Safu ya chini ikibaki 10, hakuna ethanoli. Ikifika karibu 19 ni E10, karibu 28 ni E20. Kipimo hiki hakionyeshi mafuta ya taa, kwa hiyo hakimkamati mchakachuaji.

Mwendokasi_Moro
Na zile za tu-stroki, zinazochanganyiwa oili kwenye petroli?

Mama_Petroli
Mafuta yakitengana, oili inabaki juu na petroli. Injini inanyonya safu ya chini isiyo na oili, pistoni inakwama. Hizo zipewe petroli tupu.