Mama aogopa mazoezi ya kizunguzungu: nimhimize au apumzike?

Kitindamimba, Kisumu
Hamjambo. Mama yangu ana umri wa miaka 67. Kila anapogeukia upande wa kulia kitandani, au anapoinua uso kuanika nguo, huona nyumba ikizunguka kwa muda usiofika dakika moja, kisha hutulia, ila siku nzima hutembea akishika ukuta. Presha yake ni ya kawaida. Daktari amemwelekeza kwa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, lakini mama ahofia kwamba mazoezi hayo ndiyo yatakayomwangusha. Je, apumzike tu na vidonge?

Mfiziotherapia, Nakuru
Mhimize, ndugu yangu. Uliyoeleza yanafanana sana na kizunguzungu cha mkao, ambacho hutokea chembe ndogo za kalsiamu zinapobanduka mahali pake katika sikio la ndani na kuingia kwenye mfereji mmojawapo wa usawa wa mwili, hivi kwamba kichwa kikigeuka, ubongo huarifiwa mwendo usiokuwapo. Vidonge hupunguza kichefuchefu lakini havizirudishi chembe hizo, na vikitumiwa kwa muda mrefu huchelewesha ubongo kujirekebisha. Mtaalamu akishathibitisha upande wenye shida kwa kutazama jinsi macho yanavyochezacheza, atamgeuza kichwa nyuzi 45 upande huo, amlaze haraka kichwa kikining'inia kidogo, angoje kizunguzungu kiishe, akigeuze kichwa nyuzi 90 upande wa pili, amlaze ubavu uso ukielekea chini, kisha amketishe. Mbinu hii ni ya daktari Mmarekani John Epley, aliyeichapisha mwaka 1992, na wengi hupata nafuu baada ya mara moja au chache. Kama mama ana maumivu ya shingo, aseme kabla ya kulazwa.

Mlezi, Kakamega
Nami nasisitiza mazoezi ya usawa wa mwili, kwa maana hapo ndipo wengi huachia njiani. Shangazi yangu aliacha kuona kizunguzungu, lakini aliendelea kuburuta miguu kwa woga, akakataa hata kwenda sokoni. Alifundishwa kukazia macho kidole gumba huku akigeuza kichwa kulia na kushoto, na kusimama konani miguu ikiwa pamoja, kiti kikiwa mbele yake. Mwanzoni alichafukwa na roho kidogo; tuliambiwa hilo ni la kawaida, mradi litulie upesi.

Kitindamimba, Kisumu
Asanteni sana. Ni dalili zipi zitakazonilazimu kuyasimamisha mazoezi?

Mfiziotherapia, Nakuru
Ulimi kuwa mzito, uso kupinda, kuona viwili viwili, mkono au mguu kulegea, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, au sikio kuziba ghafla. Ukiona mojawapo, usingoje siku ya miadi. Mpeleke hospitalini saa hiyo hiyo.