Mjadala: Je, picha kuonyesha zaidi ni sababu tosha ya kuipitisha dawa mpya ya kupimia saratani ya tezi dume?

Swali ninaloliweka mbele yenu ni hili: dawa mpya inayodungwa mshipani ili saratani ya tezi dume ionekane kwenye picha ipimwe kwa kigezo gani kabla ya kuruhusiwa hospitalini? Wapo wanaosema inatosha ikionyesha uvimbe ambao vipimo vya zamani havikuuona, na kwamba kuichelewesha ni kuwaacha watu wafe. Wapo wengine wanaosema si haki hata kidogo kumdunga mgonjwa kitu kisichomtibu. Siafikiani na upande wowote kati ya hizo mbili, ingawa ule wa kwanza ndio unaonitia wasiwasi zaidi.

Nichukue mfano wa piruveti, iliyojaribiwa katika Chuo Kikuu cha California kilichopo San Francisco. Piruveti hutengenezwa na mwili wenyewe kila sukari inapovunjwa. Tangu miaka ya 1920, Mjerumani Otto Warburg alionyesha kwamba seli za saratani huitumia sukari kwa pupa na kutoa lakteti (kemikali inayotokana na piruveti) nyingi hata pale oksijeni inapotosha. Kwa hiyo anayeweza kuiona piruveti ikigeuka lakteti ndani ya tezi anaona jinsi seli zinavyofanya kazi, na si umbo la uvimbe peke yake. Watafiti hao walitumia piruveti yenye kaboni-13, ambayo haina mionzi, wakaipoza ndani ya sumaku kali hadi karibu nyuzi moja tu juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa, kisha wakaiyeyusha ghafla kwa kimiminika cha moto. Ishara yake katika MRI, mtambo unaopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, huongezeka hivyo kwa zaidi ya mara 10,000. Hata hivyo, nguvu hiyo haidumu: baada ya dakika moja hivi zaidi ya nusu imekwisha kupotea, na ndani ya muda huohuo dozi lazima ichujwe, ipimwe joto na uchachu wake, ipelekwe kwa mgonjwa na kudungwa. Dawa ya namna hii haiagizwi kutoka mji wa jirani, na hospitali isiyo na mtambo wake karibu na chumba cha MRI haina la kufanya nayo.

Matokeo ya jaribio la kwanza kwa binadamu yalichapishwa mwaka 2013. Walioshiriki walikuwa wanaume 31, ambao wote walikuwa wamekwisha kuthibitishwa kuwa na saratani hiyo lakini hawajatibiwa. Shabaha kuu ilikuwa usalama na kiwango cha dozi, na hakukutokea madhara yaliyozuia dozi kupandishwa. Picha zilionyesha lakteti kwa wingi mahali penye saratani. Kwa mgonjwa mmoja zilionyesha hata sehemu ambayo vipimo vingine havikuitilia shaka, na biopsi, yaani kukata kipande kidogo cha nyama na kukipima, ikathibitisha baadaye.

Mgonjwa huyo mmoja ndiye anayetajwa sana na wanaotaka haraka. Nakiri kwamba ni ushahidi wa kuvutia. Lakini jaribio lililowachukua watu ambao saratani yao inajulikana haliwezi kutuambia ni mara ngapi picha itamtia hofu mtu asiye nayo, wala halituambii kama uvimbe uliogunduliwa ungemdhuru mwenye nao. Katika ugonjwa huu swali hilo la pili ni zito. Uingereza iliwagawa kwa bahati nasibu wanaume 1,643 katika makundi matatu, la upasuaji, la mionzi, na la kufuatiliwa kwa karibu, na baada ya miaka 15 waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa takriban asilimia 2 hadi 3 katika kila kundi. Ilhali waliofanyiwa upasuaji ndio walioathirika zaidi kwa kuvuja mkojo na kupungukiwa nguvu za kiume. Picha inayozidisha idadi ya uvimbe unaoonekana, bila kutenganisha mkali na mpole, inaweza kuwapeleka kwenye kisu watu ambao hawakukihitaji.

Najua msomaji wa Mwanza au Kisumu atasema kwamba kwetu wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, na kwamba kulalamikia ugunduzi uliopita kiasi ni anasa ya wenye navyo. Ni kweli kabisa, ila mgonjwa huyo hatasaidiwa na mtambo unaohitaji baridi ya ajabu namna ile. Atasaidiwa na kipimo cha damu cha PSA, protini inayotoka kwenye tezi dume, na daktari wa mkojo aliye karibu.

Wala sidai jambo lisilowezekana. Mwaka 2020 Australia ilichapisha jaribio la wanaume 302 lililolinganisha picha za PET (zinazopigwa kwa dawa yenye mionzi kidogo) zinazotafuta protini ya seli za saratani hiyo iitwayo PSMA na vipimo vya kawaida. Usahihi ulikuwa asilimia 92 dhidi ya 65, lakini watafiti hawakuishia hapo: walihesabu pia ni mara ngapi mpango wa matibabu ulibadilika, nako wakapata asilimia 28 dhidi ya 15. Piruveti nayo ina ahadi yake ya pekee, kwa kuwa wingi wa lakteti huenda ukaonyesha ukali wa saratani na kama dawa imeanza kufanya kazi mapema. Basi ijaribiwe kwa ahadi hiyohiyo, kigezo kikiandikwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kudungwa.

Kwa wanaopinga majaribio yenyewe, nasema mtu mzima ana haki ya kujitolea kwa ajili ya wagonjwa wajao, mradi aambiwe waziwazi kwamba picha hiyo haitaongoza matibabu yake. Kinachonikera ni fomu za ridhaa zinazolificha jambo hilo katika ukurasa wa tisa.

Upande wa haraka nauomba unijibu jambo moja: ikiwa dawa hii itamwonyesha mwanaume wa miaka 68 doa jipya la lakteti, ilhali biopsi yake inasema saratani ni ya daraja la chini, mngemshauri afanye nini, na kwa ushahidi upi?