Wimbo wa Mwaka Kogwa: nifuate mizani ipi?

Swali: Ndugu zangu, ninatunga wimbo wa kiasili kuhusu Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako kila Julai wanaume hupigana kwa migomba na kibanda cha makuti huchomwa moto. Je, nifuate mizani (silabi) 16 katika kila mshororo, yaani mstari, kama shairi?

Jibu: Hapana, ndugu. Mshororo mrefu humchosha mchezaji. Tunga mistari mifupi yenye kiitikio ambacho umati utakidaka papo hapo.

Jibu: Naafiki, ila usiishie kwenye vita, kwani wanawake nao huzunguka wakiimba nyimbo za mapenzi na utani, na kwa maoni yangu sauti hiyo ndiyo ingebeba wimbo wako.

Muulizaji: Ahsanteni. Nitaanza na akina mama; migomba itasubiri ubeti wa pili.