Mafuta ya Kupashia Nyumba Joto: Gumzo la Majirani wa Lewiston

Mama Neema, Jumatatu, saa 12:40 jioni
Habari za jioni, wazee wangu na ndugu zangu. Kama mnavyojua, tangu mwezi wa nane tunaishi katika nyumba yetu wenyewe, na kwa kuwa miaka yote sita tuliyokaa hapa Maine, Marekani, joto lilikuwa ndani ya kodi ya nyumba, sijawahi kununua mafuta ya kupashia nyumba hata galoni moja. Tangi letu ni la galoni 275, nalo limeshuka hadi kuzidi robo kidogo tu. Muuzaji mmoja ameacha karatasi mlangoni akiahidi bei ya chini kuliko wenzake wote, ila anataka nimlipe mafuta ya msimu mzima kabla ya Ijumaa. Nitamjuaje muuzaji wa kuaminika?

Baba Amani, saa 12:52 jioni
Mama Neema, nakuomba usilipe chochote Ijumaa hii. Mwaka wetu wa kwanza nililipia galoni 600 mwezi wa tisa kwa mtu ambaye sitamtaja hapa, akaniletea mara mbili, na ilipofika katikati ya Januari simu yake ikawa haipokelewi. Tulilala jikoni na watoto siku mbili, na bomba la maji la ghorofani likaganda likapasuka. Nilikuwa na risiti ya kuandikwa kwa mkono tu, bila mkataba wowote.

Kulipa kabla si kosa, kwa maana wapo wauzaji waaminifu wanaofanya hivyo kila mwaka. Hata hivyo, sheria ya Maine inataka mkataba wa namna hiyo uwe wa maandishi, na muuzaji awe amejifunga, ama kwa kununua mapema mafuta aliyokuahidi, ama kwa dhamana ya bima au ya benki, ili biashara yake ikianguka fedha za wateja zisipotee. Hilo nililijua baada ya kuumia. Mwulize ametumia njia ipi kati ya hizo, na akuoneshe mahali lilipoandikwa.

Mama Zawadi, saa 1:05 usiku
Pole sana, Baba Amani, sikujua kwamba mlipitia hayo.

Mama Neema, kuhusu bei, idara ya nishati ya jimbo hutangaza wastani wa bei za mafuta, kwa hiyo anza kwa kuutazama. Kisha umwulize muuzaji bei yake ni ya galoni ngapi, kwa sababu wengi hawaleti chini ya galoni 100, na bei inayoandikwa kwa herufi kubwa huenda ikawa ni ya anayechukua 150 na kulipa siku ileile. Tofauti ya senti 20 kwa kila galoni, ukichukua 150, ni dola 30. Fedha hizo ni za kweli, lakini kumwita fundi usiku mmoja wa baridi huzimaliza zote.

Heri, saa 1:20 usiku
Shikamoo wazazi wangu. Mama, kazi yangu ni kutengeneza boila, yaani mashine inayochoma mafuta ili kupasha nyumba joto, kwa hiyo niruhusu nieleze ninayoyaona katika nyumba za watu.

La kwanza ni fundi. Wapo wauzaji walio na lori peke yake, na wapo walio na lori pamoja na mafundi wenye leseni ya bodi ya mafuta ya jimbo, yaani Maine Fuel Board. Uliza nani atakuja boila ikizima saa nane za usiku. Tangi likikauka, hewa huingia katika bomba la mafuta, na hata likijazwa tena boila inaweza kukataa kuwaka mpaka hewa hiyo itolewe. Katika hali hiyo watu hubonyeza kitufe chekundu cha kuiwasha upya mara kumi, mafuta yakajikusanya ndani, na siku yanapowaka hulipuka na kujaza nyumba masizi. Kibonyeze mara moja tu, kisha piga simu.

La pili ni namna anavyomimina. Tangi lina bomba la kujazia na bomba la kupumulia, zote mbili zikitokeza nje ya ukuta, na ndani ya lile la kupumulia kuna filimbi inayolia wakati hewa inatoka. Mletaji mwangalifu huisikiliza tangu mwanzo, asipoisikia husimama, na inaponyamaza anajua tangi limejaa. Limewahi kutokea jambo baya, kwamba tangi liliondolewa lakini bomba la nje likaachwa, na mafuta yote yakamwagwa sakafuni. Ndiyo maana muuzaji anayeomba kulikagua tangi la mteja mpya kabla ya kumimina hakusumbui, Mama. Huyo umthamini.

La tatu ni risiti. Mita ya lori huichapisha yenyewe, ikianzia sifuri. Usipokee tarakimu zilizoandikwa kwa kalamu.

Mama Neema, saa 1:31 usiku
Asante, mwanangu. Je, ni heri waje wenyewe kwa ratiba yao, au niwaite mimi?

Baba Amani, saa 1:38 usiku
Wanaokuja wenyewe hukadiria kwa ukali wa baridi na historia ya nyumba, na historia ya nyumba yako hawajaijua bado. Majira haya ya kwanza waite mwenyewe likifika robo, wala usingoje lishuke zaidi, kwani dhoruba ikianguka malori huchelewa siku kadhaa. Likikukauka ghafla, dizeli ya kituoni, ile tuliyoiita mazutu kule Bukavu, Kongo, inaweza kukuvusha usiku mmoja. Petroli kamwe.

Mzee Songa, saa 2:10 usiku
Binti yangu, kama mnastahili HEAP, yaani msaada wa gharama za kupasha nyumba joto kwa wenye kipato kidogo, unaosimamiwa na MaineHousing, mamlaka ya nyumba ya jimbo, hakikisha muuzaji utakayemchagua anashiriki katika mpango huo.

Mama Neema, Jumanne, saa 11:15 jioni
Nimewapigia watatu. Yule wa karatasi amekataa kunitumia mkataba kabla sijalipa. Wa pili ana bei nzuri na ameniandikia, ila hana fundi. Wa tatu ameniuliza umri wa tangi na kama bomba la nje ndilo linalotumika, na kesho anamtuma mtu kulikagua. Bei yake imezidi ya wa pili kwa senti 18, na nimemkubali. Ataleta galoni 100 Alhamisi asubuhi, nitalipa nikishaiona risiti, na anashiriki katika HEAP.

Heri, saa 11:22 jioni
Vema sana, Mama. Fukua theluji mpaka kwenye bomba, uzime boila kabla hajaanza, na uiwashe baada ya saa moja au mbili ili uchafu wa chini ya tangi utulie.

Baba Amani, saa 11:25 jioni
Koleo ninalo. Nitakuja Jumatano jioni tufukue pamoja, na Alhamisi nitasimama nawe anapomimina.