"Mvueni mtoto miwani"! Huyu mtu leo kanivunjia heshima mbele ya mwanangu

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Simtaji jina, nyote mnamjua. Mwenye sebule. Mwenye televisheni kubwa kama mlango wa godauni. Yule anayejua kila kitu duniani, kuanzia bei ya dizeli mpaka nani anastahili kuwemo kwenye timu 68 za mashindano ya kikapu ya vyuo vya Marekani. Huyo huyo.

Leo, Jumapili ya kutangazwa timu Machi 2024, katualika kwake Indianapolis: tuangalie majina, halafu tufuturu pamoja. Nikatoka Terre Haute na mwanangu wa miaka minane. Mtoto kavaa jezi ya bluu ya Indiana State, timu yetu, na ile miwani ya michezo ya kufungwa na mkanda kisogoni, kama ya mchezaji wetu Robbie Avila. Miwani hiyo aliililia wiki mbili. Analala nayo.

Saa kumi na mbili jioni majina yakaanza. Kanda hii, hatumo. Kanda ile, hatumo. Virginia walipotajwa kwenda kwenye mchujo wa Dayton, zile mechi za awali, mwenye nyumba aliruka kama mtu aliyetangaziwa ubunge. Kanda zote nne zikaisha, hatumo. Basi yule bwana akageuka. Hakuniangalia mimi. Akamwangalia mtoto, akapiga makofi matatu, akasema: "Mvueni mtoto miwani, mambo yamekwisha."

Mvueni mtoto miwani! Mtoto wa miaka minane, kamwamkia shikamoo mlangoni, kamkosea nini?

Tumeshinda mechi 28, tumefungwa 6. Kwenye ligi yetu ya Missouri Valley 17 kwa 3, vinara. Fainali ya ligi, chuo cha Drake katutoa 84 kwa 80, pointi nne! Kwenye NET, orodha ya ubora wa timu ya kamati yenyewe inayochagua, tumo ndani ya 30 bora. Virginia wako huko hamsini na kitu. Nikamwambia hivyo, kwa utaratibu kabisa. Akanijibu eti Missouri Valley ni ligi ya mchangani. Mchangani! Larry Bird mwaka 1979 aliifikisha timu hii fainali ya taifa bila kupoteza mechi hata moja, leo mtu aliyejifunza sheria za kikapu juzi ananiambia mchangani.

Eti hatuna ushindi wa kutosha dhidi ya wakubwa, zile mechi za Quad 1. Wakubwa gani wanakubali kuja uwanjani kwetu Hulman Center? Wanatukimbia Novemba, wanatukimbia Desemba, halafu Machi tunaulizwa mbona hamjacheza na wakubwa. Mtu kakunyima jembe, kisha anakuuliza shamba lako liko wapi.

Ningemjibu vizuri zaidi, lakini nilikuwa nimefunga. Wallahi funga ndiyo iliyomuokoa.

Na mnajua kilichoniuma kuliko yote? Hakuna aliyemvua mtoto. Aliivua mwenyewe ile miwani, akaikunja mkanda, akaitia mfukoni. Kimya. Mara ya mwisho timu yetu kuingia ni 2011, yeye hajazaliwa. Huu ndio ulikuwa mwaka wake.

Nimembeba, tukaondoka. Tumefuturu kwenye kituo cha mafuta pembeni ya barabara ya 70, maji na tende tatu. Semeni nyie, huyu ni mtu?

Mzee wa Rebaundi: Pole sana mkuu. Lakini hebu turudi nyuma kidogo. Umeondoka saa nzima kabla ya adhana? Mezani kulikuwa na nini?

Mleta uzi: Mihogo ya nazi, kaimati, sambusa, maharage. Sikugusa kitu. Suala ni MIWANI.

Mzee wa Rebaundi: Mihogo ya nazi umeiacha kwa sababu ya Drake. Sawa.

Binti Tanga wa Indy: Mimi nilikuwepo. Makofi yalikuwa mawili. La tatu alikuwa anakung'uta unga wa sambusa mkononi. Ila maneno aliyasema kweli, na mkewe alimwangalia jicho ambalo nadhani bado anajieleza mpaka sasa.

Mleta uzi: Matatu! Niliyahesabu.

Kocha wa Barazani: Mleta uzi punguza hasira. Ukitaka uhakika, shinda fainali ya ligi yako, unapata tiketi ya moja kwa moja, hakuna wa kukujadili. Mwaka huu ziko 32 za namna hiyo. Drake aliichukua yake. Ukishindwa unaingia kwenye zile 36 za kuchaguliwa, na huko wanaamua watu 12 chumbani. Umejipeleka mwenyewe kwa mahakimu.

Mleta uzi: Kwani nimesema hatukufungwa? Nimesema mtoto kavuliwa miwani!

Kocha wa Barazani: Umesema aliivua mwenyewe.

Mnyonge wa Newark: Nyie wa Indiana mna bahati mnalia peke yenu. Sisi Seton Hall je? Ligi ya Big East 13 kwa 7. Tumempiga UConn, bingwa mtetezi! Tumempiga Marquette! Big East nzima wameingia watatu tu: UConn, Marquette, Creighton. Ligi ya Mountain West sita. SITA. Nimezima simu tangu jioni, mke wangu anauliza kama kuna msiba nyumbani.

Shemeji Queens: Na St. John's? Tumemlipa kocha Pitino pesa zote zile tuje kuachwa mlangoni? Wamekasirika mpaka wameikataa NIT, mashindano ya walioachwa. Nawaunga mkono.

Mnyonge wa Newark: Nyie St. John's tulieni, hatukuwaita kwenye msiba wetu.

Shemeji Queens: Msiba wenu upi? Uzi ni wa Indiana State, na wewe umedandia kama mimi.

Kaka Raleigh: Mnawaonea wana kamati bure, wa kulaumiwa ni wezi wa tiketi. NC State wametwaa kombe la ligi ya ACC kwa mechi tano ndani ya siku tano. Duquesne wameingia kwa mara ya kwanza tangu 1977. Oregon nao wamebeba kombe la ligi yao. Kila mmoja akibeba kombe la ligi yake bila kutarajiwa, nafasi moja ya kuchaguliwa inayeyuka. Na huyo mwenye sebule angekumbuka, Virginia wenyewe Ijumaa walikuwa mbele ya NC State kwa pointi tatu, zimebaki sekunde. Wakakosa mtupo wa adhabu, O'Connell wa NC State akarusha ya mbali, kengele inalia mpira unaingia. Muda wa nyongeza, kwishney. Timu gani hiyo ya kushangilia?

Mleta uzi: Asante kaka. Mwambieni! Anasoma humu, namjua, anasoma bila kuandika.

Binti Tanga wa Indy: Anasoma kweli. Kaniandikia faraghani anauliza nani kasema kuhusu jicho la mkewe.

*Jumanne usiku*

Kaka Raleigh: Wakuu amkeni. Colorado State 67, Virginia 42.

Mzee wa Rebaundi: Arobaini na mbili?? Mechi nzima?

Kaka Raleigh: Nzima. Dakika 40, pointi 42.

Mnyonge wa Newark: Nafasi YETU ile.

Shemeji Queens: Yenu wapi!

Binti Tanga wa Indy: Mheshimiwa kazima simu. Taa ya sebuleni pia imezimwa, nimepita na gari makusudi.

Mleta uzi: ARUDI HAPA. Arudi apige yale makofi matatu. Mtoto amelala, kesho kabla ya shule nitamwambia. Miwani kaiweka kwenye droo ya soksi na Jumatano tunacheza NIT nyumbani dhidi ya SMU. Ataivaa, nimeapa.

Fundi Columbus: Kwa kuwa mwenye sebule yuko kimya, mwulizeni na boksi langu la barafu. Alilichukua tangu nyama choma ya Julai mwaka jana. Kila nikimwuliza anasema liko garini.

Binti Tanga wa Indy: Lile la bluu? Anatilia viatu!

Fundi Columbus: VIATU?

Mzee wa Rebaundi: Haya mambo ya kamati mimi siyajui, nilianza kuangalia vyuo kwa ajili ya Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet tu. Mwaka 2009 timu yake UConn walifika nne bora kule Detroit, tulikesha Dar nzima mtaa wetu.

Kocha wa Barazani: Wakatolewa na Michigan State. Hao hao waliomfunga Bird 1979.

Mzee wa Rebaundi: Usinikumbushe. Lakini mwaka huo huo alichaguliwa wa pili NBA.

Kocha wa Barazani: Wa pili, Memphis. Angebaki UConn mwaka mmoja zaidi.

Mzee wa Rebaundi: Angebaki afanye nini? Ulitaka akatae pesa?

Fundi Columbus: Viatu vya nani? Vya kwake au vya watoto?

Kaka Raleigh: Nani anakwenda uwanja wa Gainbridge Ijumaa jioni kuwaona Purdue? Magharibi itatukuta ndani. Mlangoni wanaruhusu kuingia na tende?