Naombeni ushauri: nataka kusomea tiba kwa vitendo (occupational therapy, kumsaidia mgonjwa afanye shughuli zake za kila siku mwenyewe) hapa Marekani

Neema_Ohio: Habari zenu wakuu. Nina shahada ya sosholojia ya UDSM, na sasa nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku Ohio. Kuna babu mmoja kiharusi kilimlemaza mkono wa kulia. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo alimpa kijiti chenye kitanzi cha waya, akamfundisha kukipitisha kwenye tundu la shati na kuvuta kifungo kwa mkono wa kushoto. Wiki ya tatu nikamkuta kafunga vifungo vyote mwenyewe, kanisubiri mlangoni nimwone. Tangu siku ile sitaki kazi nyingine. Nianzie wapi? Nisome uzamili au uzamivu?

BintiPangani: Mdogo wangu, mimi nina leseni huku. Uzamili unatosha. Ule mpango wa kulazimisha uzamivu kuanzia 2027 uliachwa mwaka 2019, kwa hiyo usijitwishe deni la ziada kwa ajili ya cheo. Wewe wa sosholojia kitakachokutesa ni masomo ya awali: anatomia na fiziolojia pamoja na maabara, takwimu, saikolojia ya ukuaji na ya magonjwa ya akili. Yasome chuo cha jamii, ada ni nafuu. Na kabla hujalipa senti popote, hakikisha programu ina ithibati ya ACOTE, chombo kinachokagua programu za fani yetu. Bila hiyo hufanyi mtihani wa NBCOT, ule mtihani wa kitaifa wa fani yetu, na bila mtihani hupati leseni.

Fundi_wa_Moshi: Mimi nilisoma stashahada ya tiba kwa vitendo KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, nipo na watoto wenye mtindio wa ubongo. Tunawatengenezea viti kwa maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa uji wa unga, mtoto akae wima ashike kijiko mwenyewe. Nakusihi usiishie kwa wazee tu. Omba kushuhudia kazi shuleni na wodi ya akili pia. Na kwenye barua yako ya kuomba chuo mwandike huyo babu wa vifungo, maana wengi bado wanadhani sisi ni fiziotherapia.

Neema_Ohio: Asanteni mno. Je, nitaweza kusoma huku nafanya kazi?

BintiPangani: Masomo ya awali, ndiyo, jioni. Ukishaingia programu, labda zamu za wikiendi. Ila mafunzo ya vitendo ya mwishoni ni wiki 24 za kutwa nzima, na mara nyingi hulipwi. Mimi niliweka akiba ya kodi ya miezi sita kabla sijaanza, na ikaisha yote.

Neema_Ohio: Nimeelewa dada. Kesho namwomba yule mtaalamu wetu nianze kumfuata siku zangu za mapumziko.